Daftari Jeusi na Mtoto wa Miezi Tisa

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto wa New York aliyetaka kuazima kitabu katika maktaba ya umma alisimamishwa kwanza mbele ya daftari kubwa jeusi. Aliandika jina lake mwenyewe, kwa mkono wake, na kwa kuandika hivyo alikuwa ametoa ahadi: atavitunza vitabu, atatii kanuni za maktaba. Baada ya hapo alipewa kadi. Hakuna aliyemuuliza umri wala kazi ya baba yake. Kama unaweza kuandika jina lako, karibu.

Mkutubi aliyeusimamia utaratibu huo aliitwa Anne Carroll Moore. Alianza na chumba cha watoto katika maktaba ya Taasisi ya Pratt, Brooklyn, mwaka 1896, kisha mwaka 1906 akapewa kazi ya kuongoza huduma za watoto katika matawi yote ya Maktaba ya Umma ya New York. Ili kuona ukubwa wa alichofanya, kumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Maktaba ya Umma ya Boston, iliyofungua milango mwaka 1854 na kujivunia kuwa ya watu wote, haikumruhusu mtu aliye chini ya miaka 16. Mahali pengi mpaka ulikuwa miaka 12 au 14. Mtoto alihesabiwa kuwa mchafuzi wa kurasa na mpiga kelele. Waliokaidi walikuwa wachache: Minerva Sanders, katika mji mdogo wa Pawtucket, alianza kuwaingiza watoto miaka ya 1870 na akawawekea meza ndogo na viti vya kimo chao, jambo ambalo wenzake waliliona kama kioja.

Kwa hiyo daftari jeusi lilikuwa mapinduzi. Lakini mlango wowote, hata ukifunguliwa kwa moyo mkunjufu kiasi gani, una kizingiti, na kizingiti cha Moore kilikuwa kalamu. Mtoto wa miaka sita aliyefundishwa kuandika jina lake alikivuka. Mdogo wake wa miaka mitatu alibaki nje, na yule wa miezi tisa mgongoni au mapajani mwa mama hakufikiriwa kabisa. Hawezi kuandika. Hawezi kuahidi. Ukimpa kitabu, atakitia mdomoni.

Kizingiti hicho kilichukua takriban miaka 90 kushuka hadi usawa wa mtoto mchanga. Mimi nasoma shahada ya uzamili, na katika kozi zetu historia ya maktaba husimuliwa zaidi kama historia ya majengo, sheria na mifumo ya kupanga vitabu. Hii ya mtoto mchanga hupitwa haraka, kana kwamba ni pambo. Naona ni kinyume chake. Swali la nani anastahili kuitwa msomaji ndilo swali zito kuliko yote ambayo maktaba imewahi kujiuliza, na mtoto asiyejua hata kukaa vizuri ndiye aliyelijaribu kwa ukali zaidi.

Moore mwenyewe alilijibu vibaya. Mwaka 1947 kilitoka kitabu cha picha kiitwacho Goodnight Moon, cha Margaret Wise Brown, kilichochorwa na Clement Hurd. Hakina kisa. Kuna chumba, kuna sungura kitandani, na vitu vya chumbani vinaagwa kimoja kimoja usiku unapoingia. Brown alikuwa ametokea katika shule ya majaribio ya Bank Street, ambako walimu walikaa na kuwasikiliza watoto wadogo wanavyosema, wakaona kwamba kwa mtoto mdogo sana mwujiza haumo katika malaika na mazimwi bali katika kijiko, soksi na taa. Moore hakuikubali fikra hiyo. Kwake kitabu cha mtoto kilipaswa kuwa na ngano, uzuri na hadhi. Wakati huo alikwisha kustaafu, lakini neno lake lilikuwa bado linatawala. Maktaba ya Umma ya New York haikukiweka kitabu hicho kwenye rafu zake hadi mwaka 1972, miaka 25 baada ya kuchapishwa, wakati familia zisizo na idadi zilikuwa zimekwisha kukikariri.

Sisemi hivi kumdhalilisha. Bila Moore pasingekuwa na chumba cha watoto cha kugombania. Lakini kisa hiki kinaonyesha kitu: aliyempokea mtoto kwa sababu anaweza kuandika jina lake alipata taabu kumtambua mtoto ambaye kusoma kwake ni kuonyesha kidole, kunong'ona na kutaka ukurasa uleule tena na tena.

Katika maktaba hizohizo alikuwamo mtu mwingine aliyekuwa akikishusha kizingiti kwa njia nyingine. Pura Belpré aliajiriwa mwaka 1921 katika tawi la Mtaa wa 135, Harlem, akawa mkutubi wa kwanza kutoka Puerto Rico katika maktaba za mji huo. Akina mama wa Kipuerto Rico walikuwa wakipita nje ya maktaba bila kuingia, kwa kudhani kwamba humo ndani huongewa Kiingereza tu. Belpré alikwenda kwenye makanisa na vyama vya mtaani kuwaita. Akaanzisha saa za hadithi kwa Kihispania na Kiingereza. Alipotafuta hadithi za kwao hakuzikuta kwenye rafu, basi akazisimulia alizozisikia kwa bibi yake, na mwaka 1932 akachapisha mojawapo. Somo lake lilikuwa jepesi kulitaja ingawa gumu kulitekeleza: mtoto mdogo haji maktaba mwenyewe. Huletwa. Na anayemleta ataingia tu pale lugha yake inapoitikiwa.

Neno hilo, huletwa, ndilo lililobadilisha kila kitu baadaye, lakini si upesi. Miaka ya 1930 na 1940 baadhi ya maktaba za Marekani zilianza saa za hadithi kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Mama alimwacha mtoto mlangoni akaenda kwenye shughuli zake. Mkutubi ndiye aliyejua kusoma, mzazi alikuwa mchukuzi. Ilichukua mpaka miaka ya 1970 na 1980 kwa mzazi kuambiwa: usiondoke, kaa chini, mpakate mwanao, tuimbe pamoja.

Ushahidi wa kwanza wenye uzito juu ya mtoto mchanga na kitabu haukutoka New York wala London. Ulitoka New Zealand, kwa wanawake wawili waliokuwa na tabia ya kuandika kila kitu. Dorothy White, mkutubi wa watoto mjini Dunedin, aliweka shajara ya vitabu alivyomsomea binti yake tangu akiwa na miaka miwili, akaichapisha mwaka 1954. Ni shajara ya kazi: leo kitabu gani, alicheka wapi, aliuliza nini, alikikataa kipi. Kabla yake watu walisema watoto wadogo wanapenda hiki na kile. White aliandika alichokiona.

Wa pili, Dorothy Butler, alikuwa muuza vitabu wa Auckland. Mjukuu wake Cushla alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa na kasoro za kromosomu. Hakuweza kuona vizuri kitu kilicho mbali, mikono yake haikumtii, alilala kidogo mno mchana na usiku. Zile saa ndefu za usiku zilihitaji kujazwa. Akiwa na miezi minne hivi mama yake alianza kumshikia vitabu karibu na uso na kumsomea, si kwa nadharia yoyote bali kwa sababu mtoto alitulia. Wataalamu walikuwa wametabiri mengi mabaya. Butler alifuatilia maendeleo ya mtoto huyo, akayaandikia tasnifu, kisha mwaka 1979 ikatoka kama kitabu. Cushla alikuwa amekua na lugha pana kuliko yeyote alivyotazamia, na vitabu alivizungumzia kama jamaa zake. Mwaka uliofuata Butler akatoa kitabu kingine ambacho jina lake lenyewe ni madai: kwamba watoto wachanga wanahitaji vitabu.

Mtoto mmoja si utafiti, mtu atasema. Kweli. Lakini mtoto mmoja anatosha kuvunja neno "haiwezekani".

Sasa kulikuwa na shida ya njia. Kumshawishi mama aliyejifungua juzi, asiyelala, aliyechoka, pengine asiyejua kusoma vizuri, abebe mtoto apande basi aende kwenye jengo ambalo alilikumbuka kama mahali pa kunyamazishwa, ni kazi kubwa. Wakutubi walijaribu mabango. Waliokuja ni wale waliokuwa wanakuja tangu awali. Jibu lilipatikana mahali ambapo mama huenda hata akiwa amechoka: kliniki.

Lilipatikana mara mbili, katika miji miwili. Mwaka 1989, katika Hospitali ya Jiji la Boston, madaktari wa watoto Barry Zuckerman na Robert Needlman walianza kumpa kila mtoto kitabu anapoletwa kupimwa. Inasimuliwa kwamba vitabu vilivyowekwa kwenye chumba cha kusubiria vilikuwa vikitoweka, na badala ya kulalamikia wizi wakauliza kama huku kutoweka si dalili ya njaa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1992, mjini Birmingham, Uingereza, ulianza mradi wa Bookstart. Mwanzilishi wake, Wendy Cooling, alikuwa mwalimu zamani. Alisimulia kwamba alimwona mvulana wa miaka mitano siku ya kwanza ya shule akipewa kitabu bila kujua ni kitu gani. Alikinusa na kukigeuzageuza kama mtu anayechunguza chakula kigeni. Miaka mitano ilikuwa imepita na hakuna aliyemfikia.

Mradi wa Birmingham ulianza na familia 300. Huduma ya maktaba ya mji, mamlaka ya afya, na Chuo Kikuu cha Birmingham vilishirikiana. Uingereza wana wauguzi wa jamii wanaofuatilia kila mtoto mchanga, nao wakati huo walimpima mtoto alipofikia miezi saba hadi tisa. Katika kipimo hicho muuguzi alimkabidhi mama mfuko wenye kitabu, kadi ya shairi na mwaliko wa kujiunga na maktaba. Basi. Hakuna darasa, hakuna mtihani. Ukiutazama mfuko huo kwa jicho la mhasibu ni kitu kidogo mno. Lakini tazama nani anautoa. Mtu aliyemwambia mama kwamba mtoto amechanjwa, uzito wake mzuri, masikio yanasikia, sasa anamwambia pia: na hiki, msomee. Kitabu kimewekwa katika orodha moja na chanjo.

Barrie Wade na Maggie Moore wa chuo kikuu hicho waliwafuatilia watoto. Waliwatembelea nyumbani, wakatazama mzazi na mtoto wakishiriki kitabu, wakalinganisha na familia zisizopata mfuko. Wazazi wa mfuko waliongea zaidi kuhusu picha, walimwacha mtoto afungue kurasa, walitumia maktaba zaidi. Watoto walipoanza shule walikuwa mbele, si katika kusoma tu bali hata katika hesabu, jambo lililowashangaza wengi. Idadi yao ilikuwa ndogo, na familia zinazokubali kufuatiliwa na watafiti kwa miaka huenda ndizo zilizokuwa na hamu tangu mwanzo. Sidhani kwamba inafaa kuutumia utafiti ule kama msahafu. Hata hivyo ulitosha kufungua mifuko ya fedha: mwaka 1999 kampuni ya maduka ya Sainsbury's ilitoa fedha mradi ukaenea nchi nzima, na baadaye serikali ikaubeba. Japani nayo iliutangaza mwaka 2000 kuwa Mwaka wa Watoto Kusoma, ikaujaribu mpango huo katika wilaya ya Suginami, Tokyo, kisha halmashauri nyingi zikaufuata, zikitoa vitabu kwenye vituo vya afya mtoto anapopelekwa kupimwa.

Maktaba zenyewe zilibadilika. Nyingi za Uingereza leo humwandikisha mtoto tangu siku za kwanza za maisha, na nyingi hazitozi faini kwa vitabu vya watoto. Daftari jeusi limezikwa: hakuna jina la kuandika, hakuna ahadi. Na Marekani, kuanzia mwaka 2004, vyama vya wakutubi vilikuja na mpango uliogeuza mtazamo. Anayefundishwa maktabani si mtoto, ni mzazi. Toleo la pili, la mwaka 2011, lilimwambia mzazi afanye mambo matano na mwanawe: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika, kucheza.

Hapa nakiri kucheka kidogo. Matatu kati ya hayo bibi yeyote wa Tanga au Sumbawanga anayafanya kabla jua halijachomoza. Nyimbo za kubembeleza, za kumrusha mtoto magotini, michezo ya kuhesabu vidole: haya tunayo kwa wingi kuliko nchi zinazoyaandikia miongozo. Lakini kicheko kisitupeleke mbali. Wimbo humfundisha mtoto mapigo ya lugha, humfundisha kukata maneno vipande. Haumfundishi kwamba alama zile nyeusi kwenye karatasi ndizo zinazosema, kwamba ukurasa hufunuliwa, kwamba hadithi ya jana bado imo humo leo. Hayo huja kwa kukishika kitabu chenyewe, na kukitafuna pia.

Kwa nini hatukufika huko? Kwetu mlango wa maktaba ulikuwa na vizingiti vya aina yake. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Huko hata mtu mzima mwenye miwani na shahada alikuwa katika hali ya yule mtoto wa miezi tisa. Tanzania Bara ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Nyerere alikwisha kueleza, alipokuwa akizindua mpango wa miaka mitano mwaka 1964, kwamba lazima tuanze na watu wazima, kwa kuwa watoto wetu hawataathiri uchumi kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini ijayo. Ulikuwa uamuzi wa nchi maskini yenye haraka, na siwezi kuulaumu. Kisomo kikaenea, maktaba za vijiji zikaanzishwa ili waliohitimu wasisahau herufi, na kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilisema watu wazima tisa kati ya kumi wanajua kusoma.

Lakini wazo lile la miaka ishirini liliacha alama yake kwenye rafu. Vitabu vya Kiswahili vilivyochapishwa vilikuwa vya kisomo na vya shule. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanzishwa mwaka 1991 ulikuta uhaba mkubwa wa hadithi za watoto, na juhudi zake, pamoja na za wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E & D, zimeujaza kwa kiasi kikubwa upande wa watoto wanaojifunza kusoma shuleni. Upande wa chini yao bado ni mtupu. Kitabu cha kurasa ngumu, chenye picha ya sufuria, kuku, kanga, jembe, kinachostahimili meno na mate, kwa Kiswahili, ni kitu cha kutafuta kwa tochi.

Jambo ninaloliona zito zaidi ni kwamba njia tunayo tayari. Hatuna wauguzi wa kumtembelea kila mtoto nyumbani, lakini tuna kliniki. Mama wa Kitanzania humpeleka mwanawe kwa chanjo za wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne. Kisha miezi tisa kwa surua na rubela. Miezi tisa: umri uleule wa mfuko wa Birmingham. Anafika asubuhi, anapanga foleni, kunatolewa somo la afya juu ya lishe au malaria, mtoto anatundikwa kwenye mzani, uzito unaandikwa kwenye kadi. Saa mbili au tatu kwenye benchi, pamoja na wanawake arobaini na watoto arobaini.

Pingamizi ninazijua. Wachapishaji watasema karatasi ngumu ni ghali na haina soko. Wizara ya afya itasema vitabu ni vya elimu, na ya elimu itasema watoto wachanga ni wa afya. Uingereza yenyewe imeonyesha jinsi kitu hiki kilivyo rahisi kukatwa: siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 2010 serikali ilitangaza kuufutia mradi fedha zote kwa upande wa England, waandishi akiwemo Philip Pullman wakapaza sauti, na siku moja baada ya sikukuu serikali ikalegeza. Fedha zilizorudi zilikuwa pungufu sana. Kama tajiri alitaka kuanzia kwa mtoto mchanga alipobana matumizi, je, sisi?

Na kuna lile la Belpré. Mtoto wa Bariadi anabembelezwa kwa Kisukuma. Mfuko ukija na maandishi ya Kiswahili peke yake, bibi atakirudisha kitabu kwenye mfuko na kusema ni cha shule. Mimi ningeanza na kitabu kisicho na maneno kabisa: picha kumi na mbili za vitu vya nyumbani, kila mmoja avitaje kwa lugha aliyonayo mdomoni. Wenye taaluma watauliza kama hicho ni kitabu. New York waliuliza hivyohivyo kuhusu sungura na mwezi.

Wakutubi wetu wa mikoa, wale wachache waliopo, wanaweza kuanza bila bajeti ya taifa. Kituo cha afya kiko umbali wa kutembea kutoka maktaba nyingi za mikoa. Sanduku la vitabu, siku ya chanjo, mkeka chini ya mwembe karibu na foleni. Mkutubi atahitaji kibali cha muuguzi mfawidhi, na atahitaji kukubali kwamba vitabu vingine havitarudi.